Leseni ya katuni isiishie mpakani

Shule zinapokaribia kufunguliwa, wafanyabiashara wa Kibagabaga huagiza mabegi yenye picha za katuni. Wanauliza bei na uimara wa zipu. Picha ni mali ya nani, wachache huuliza. Hapo ndipo mtaji unapoweza kupotea.

Wapo wanaodai kwamba Mickey Mouse sasa ni wa kila mtu. Si kweli. Kilichoisha Marekani tarehe 1 Januari 2024 ni hakimiliki ya filamu ya "Steamboat Willie" ya mwaka 1928. Mickey wa filamu nyingi za baadaye bado analindwa, na jina lake ni alama ya biashara ya Disney. Kenya ina sheria ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008, na mzigo unaweza kukamatwa.

Anayetaka kufuata sheria naye hukwama. Alama husajiliwa nchi kwa nchi: RDB Kigali, URSB Kampala, BRELA Dar es Salaam, KIPI Nairobi. Kwa hiyo leseni ya kuuza Rwanda si lazima ifae Uganda.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iweke usajili mmoja. Wenye katuni za hapa, kama Ubongo Kids iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, wangeweza kuuza leseni moja ya kanda nzima, kwa bei ambayo chama cha wauzaji wadogo kinaimudu.

Kwa sasa, mfanyabiashara adai leseni ya maandishi inayotaja nchi kabla ya kulipa. Akishafika Gatuna, amechelewa.