Kabla ya kubeba sabufa, igeuze nyuma

Mkulima wa pamba wa Maswa, Meatu au Itilima, mkoani Simiyu, hakubali kilo za kuambiwa. Hufika ghalani na mzigo wake, husimama mbele ya mizani, hutazama namba kwa macho yake, na asiporidhika huomba mzigo upimwe upya. Uangalifu huo una sababu, maana katika zao hili mizani iliyochezewa imeshawaliza wengi. Lakini msimu ukishachanganya na fedha zikaingia mkononi, mtu huyo huyo huingia duka la vifaa vya umeme mjini Bariadi, akaonyeshwa boksi lililoandikwa wati 15,000 na kuchorwa spika tano, akalipa na kuondoka nalo kwenye bodaboda bila kupima chochote. Hoja yangu ni kwamba sauti ya nyumbani nayo ina mizani yake, mizani hiyo iko wazi kwa kila mnunuzi, na tukiitumia wengi wetu tutatoka dukani na spika mbili nzuri badala ya tano za kujaza sebule.

Tuanze na hizo wati. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya boksi mara nyingi hufuatwa na herufi nne, PMPO, nacho ni kipimo kisicho na kanuni yoyote inayokubalika. Kila mtengenezaji hukokotoa anavyotaka: huchukua kilele cha sauti kinachodumu sehemu ndogo mno ya sekunde, akakizidisha kwa idadi ya spika, kisha akatia chumvi juu yake. Kipimo chenye maana ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila sauti kupasuka, na hicho hakiandikwi mbele kwa herufi kubwa. Dawa yake ni rahisi. Igeuze sabufa, utafute kibandiko kidogo karibu na pale waya wa umeme unapoingilia. Utakuta maneno kama AC 220–240V, 50Hz, na pembeni yake namba ya wati. Ikiwa imeandikwa 60, hicho ndicho kiasi cha umeme ambacho chombo kizima kinakula. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa wati 15,000 za sauti mfululizo, kama ambavyo kilo 60 za pamba mbegu haziwezi kutoka kiwandani zikiwa kilo 15,000 za nyuzi. Tena sehemu ya hizo 60 hupotea kwa joto, ndiyo maana bati la nyuma huwa la moto ukilishika baada ya saa moja ya muziki. Kinachobaki hugawanywa: spika ya besi huchukua fungu kubwa, na zile ndogo tano huambulia wati chache kila moja.

Wati chache zenyewe si kasoro. Kwa umbali wa mita tatu kutoka kwenye kochi, spika yenye ufanisi hutumia wati moja au mbili tu kusikika vizuri wakati wa taarifa ya habari. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulisikia kwa kiasi kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu, unahitaji nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo spika yenye ufanisi wa desibeli 90 kwa wati moja, ikipewa wati 20, hulingana na ya desibeli 87 iliyopewa wati 40. Ubora wa spika unaweza kukuokolea nusu ya amplifaya. Marekani walikwishaliona tatizo la namba za kupamba boksi, na tangu 1974 wamekuwa na kanuni inayomtaka muuza amplifaya za nyumbani aeleze nguvu yake kwa kipimo kinacholingana na cha wenzake. Hapa kwetu mnunuzi bado ameachiwa abahatishe.

Namba ya pili inayotupoteza ni ile 5.1. Maana yake halisi ni mikondo mitano kamili ya sauti na mmoja wa besi, kila mmoja ukiwa na habari zake, ili mlango ukifungwa nyuma ya mwigizaji nawe uusikie nyuma yako. Mfumo wa Dolby Digital wenye mpangilio huo uliingia majumba ya sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns, kisha ukaenea majumbani kwa njia ya DVD. Sasa itazame sabufa ya kawaida ya spika tano. Nyuma yake mna matundu mawili ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Ikiingia mikondo miwili, haiwezi kutoka mitano. Kinachofanyika ni kunakili ile ile miwili na kuigawa kwenye spika zote. Ya nyuma inasema yale yanayosemwa na ya mbele. Zipo zenye matundu sita, au zenye tundu la HDMI na uwezo wa kufumbua Dolby zenyewe, na hizo ndizo zinazostahili kuitwa 5.1. Nyingine zina spika tano tu, basi.

Hata ukiwa na chombo kinachofumbua, swali linabaki: unakipa nini cha kufumbua? Sebule nyingi za Simiyu hutazama taarifa ya habari, mechi za Ligi Kuu, tamthilia, nyimbo za injili na za Bongo Fleva, na hivi kwa kawaida hutengenezwa kwa mikondo miwili. Halafu zipo filamu zilizotafsiriwa, zile za jadi ya Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilifungua filamu za nje kwa watu wasiojua Kiingereza wala Kihindi. Katika kazi hizo sauti ya mtafsiri hulazwa juu ya sauti ya awali, na ndiyo filamu yenyewe kwa mtazamaji. Asipoisikia vizuri, hana alichoangalia. Hakuna spika ya nyuma inayoongeza chochote hapo. Kinachohitajika ni maneno kusikika.

Na maneno ndiyo yanayoumia zaidi kwa namna tunavyonunua. Kiswahili kimejaa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu ya sauti. Lakini kinachotenganisha pata na kata, saba na shaba, sindano na shindano ni konsonanti, sauti dhaifu zinazokaa juu zaidi kwenye ngazi ya sauti. Besi ikizidi huzifunika, kwa sababu sikio lenyewe limeumbwa hivyo: sauti nzito huzima nyepesi kwa urahisi kuliko nyepesi kuizima nzito. Matokeo yake tunayajua. Mtangazaji anaunguruma, mama anaongeza sauti kwa rimoti ili asikie jina la mfungaji, besi nayo inapanda pamoja na sauti, na jina halisikiki bado. Kwa hiyo jaribio la kwanza dukani liwe la mtu anayezungumza. Chukua flashi yenye taarifa ya habari au filamu iliyotafsiriwa, ichomeke, punguza sauti hadi kiwango cha mazungumzo, kisha usikilize kama s na sh zinatofautiana. Hamia pembeni usikilize tena. Sabufa inayofaulu hapo itafaulu pia kwenye muziki. Ile inayovutia kwenye besi peke yake itakuchosha kabla ya mwezi kwisha.

Najua jibu litakalokuja kutoka Bariadi hadi Lamadi: besi ndiyo raha yenyewe. Simiyu ni nchi ya ngoma, vikundi vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi, na mtu aliyekulia kwenye mngurumo huo hawezi kuambiwa kwamba sauti nzito ni kitu cha ziada. Nakubaliana naye kabisa. Lakini ngoma hupigwa uwanjani, mahali ambapo sauti nzito ina pa kutawanyikia. Sebule ya mita nne ni kitu kingine. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuta mbili zilizoachana mita nne hukuza zenyewe noti ya mitetemo kama 43 kwa sekunde, kila inapopigwa, hata kama mwanamuziki hakuikusudia. Sabufa ikisukumwa pembeni, pale kuta mbili zinapokutana na sakafu, uvimbe huo wa besi huzidi. Ndiyo maana wimbo mmoja unatikisa madirisha na mwingine hauna besi kabisa, ilhali chombo ni kile kile. Isogeze nusu mita kutoka kwenye kona, punguza besi robo ya duara, na gitaa la besi litaanza kusikika kama gitaa. Anayependa ngoma kwa dhati atataka kuisikia ikipigwa, mkono baada ya mkono, kuliko kusikia ukuta ukilia. Na kuna jirani. Sauti nyepesi huishia ukutani, nzito hupita. Tuna kanuni za 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na baraza la mazingira, NEMC, wamefungia baa kwa kelele, lakini nyumba kwa nyumba bado tunategemea uungwana.

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko. Sabufa ya boksi moja ina redio, ina Bluetooth, inasoma flashi, ina rimoti, na bei yake inalipika kwa msimu mmoja. Amplifaya na spika za kununua kila kimoja peke yake zinadai zaidi. Ni kweli, wala simwambii mtu akope ili asikilize tamthilia. Nasema kwa fedha ile ile, achague yenye spika mbili na besi moja, maana gharama iliyotawanywa kwenye spika tano za plastiki hapo imekusanywa kwenye mbili. Achague boksi la mbao au MDF, aligonge kwa kidole asikie kama linatoa mlio mkavu au linalia kama debe. Avute kitambaa cha mbele, kama kinatoka, aone kama spika ndogo ina koni ya kweli ama kuna tundu moja limezungushiwa urembo. Na kama kuna fundi mzuri anayechonga maboksi ya spika, huyo asidharauliwe. Boksi zito lililobana vizuri, na ndani likajazwa pamba kiasi, linafanya kazi ambayo plastiki nyembamba haiwezi.

Wapo ambao mfumo kamili unawafaa. Mwenye intaneti ya kutosha kwa filamu za mtandaoni, au mwenye DVD na Blu-ray halisi, na chumba ambacho kochi halijaegemea ukuta wa nyuma, anunue risiva, yaani amplifaya ya mikondo mingi. Aangalie mambo machache: ifumbue Dolby Digital na mfumo mwenzake wa DTS, iwe na HDMI yenye ARC, njia iliyoanza 2009 inayoruhusu waya mmoja kurudisha sauti ya televisheni kwenye risiva, na namba ya omu ya spika isiwe chini ya ile iliyoruhusiwa nyuma ya risiva. Spika za mbele ziachane kadiri kochi lilivyo mbali nazo. Ya katikati, inayobeba maongezi karibu yote ya filamu, ikae chini au juu ya televisheni ikitazama usoni mwa watu, na za pembeni ziwekwe ubavuni, nyuma kidogo ya masikio. Zote tano zikipangwa juu ya kabati la televisheni, fedha imepotea. Na anayefuata risiva ya mtumba Mwanza au Dar es Salaam asome volti kwanza. Mashine nyingi nzuri za zamani zilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye 230 zetu, inaungua palepale. Inahitaji transfoma ya kushusha, na bei yake iingizwe kwenye hesabu. Stabilaiza nayo, kwa mtaa ambao umeme hupanda na kushuka jioni. Radi za Kanda ya Ziwa hazina stabilaiza: mvua ikianza kunguruma, chomoa waya.

Kilichobaki ni chumba, na hapo Simiyu imebarikiwa bila kujua. Nyumba mpya za mjini zina vigae sakafuni, jipsamu juu na vioo vipana ukutani, vitu vitatu vinavyorudisha sauti kama mpira. Neno moja hufika sikioni mara kadhaa, na hakuna risiva ya bei yoyote inayolisafisha. Pamba hulisafisha. Pazia zito la pamba lililokunjamana dirishani, zulia mbele ya televisheni, godoro lililosimamishwa ukuta wa nyuma kwa anayeweza kulificha, vitabadilisha sauti zaidi kuliko kuongeza spika mbili. Mkoa unaoongoza kwa kulima pamba nchini usinunue mwangwi.

Kwa Shirika la Viwango, TBS, na Tume ya Ushindani, ombi ni moja: boksi linaloingia nchini liandikwe RMS mbele, kwa herufi zinazolingana na za PMPO, kwani sheria ya ushindani ya 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji. Kwa wenye maduka wa Bariadi ombi ni dogo zaidi, na halihitaji kusubiri kanuni yoyote. Msimu ujao mteja akiomba kujaribu sabufa, mwashieni taarifa ya habari kwanza, wimbo baadaye.