Nani Kasema Kunakili Kunaua Kipaji?

Mtoto akikutwa ananakili picha ya mchoraji mwingine, hakosekani mtu mzima wa kumwambia achore "kitu chake". Kunakili, eti, kunaua kipaji. Imani hii inapendwa sana, na historia ya uchoraji inaikana waziwazi.

Mwaka 1494 Albrecht Dürer, mchoraji kijana wa Nürnberg aliyekuwa ameshahitimu ufundi, alichukua chapa mbili za Mwitaliano Andrea Mantegna, moja ya ulevi wa Silenus wa hadithi za Wagiriki na nyingine ya mapigano ya miungu ya baharini, akazinakili kwa kalamu na wino. Nakala zote mbili zimo katika jumba la Albertina, Vienna. Maumbo ya miili aliyafuata kwa utiifu mkubwa. Kwenye vivuli akagoma. Mantegna alitia kivuli kwa mistari iliyonyooka, sambamba, yote ikiinamia upande mmoja. Dürer akaipinda, ikazunguka paja, bega na tumbo. Hapo mwanafunzi anambishia mwalimu, na ubishi wake una uzito kwa kuwa kazi anayoibishia ameipitia mstari kwa mstari.

Kwa nini chapa, na kwa nini wino? Picha ya rangi huficha ilivyotengenezwa, tabaka juu ya tabaka. Katika chapa ya bamba la shaba, nyama, nguo na mawingu vyote vimeshageuzwa mistari, na kila mstari unaonyesha ulikoanza na ulikoishia. Mwenye penseli anaweza kubahatisha, akafuta, akabahatisha tena. Mwenye wino sharti atazame kwanza.

Vasari na Condivi, waandishi wa maisha ya Michelangelo, wanasimulia kwamba msanii huyo, angali kijana, alinakili chapa ya Martin Schongauer ya Mtakatifu Antonio akiteswa na mashetani, kisha akawachunguza samaki ili mashetani yale yapate magamba na rangi za kweli. (Anayedai kwamba nakala humfungia mtu ndani ya karatasi atueleze ilikuwaje nakala hii ikampeleka Michelangelo kwa samaki.)

Upo unakili wa kijinga, kweli: kupiga miraba juu ya fotografia ya mtu maarufu na kuijaza mmoja mmoja bila kujiuliza lolote. Na upo wizi. Mchonga chapa Marcantonio Raimondi alichonga upya chapa za Dürer za maisha ya Bikira Maria, na hata alama ya Dürer, AD, akaiweka. Kwa masimulizi ya Vasari, Dürer alikwenda Venice kushtaki, na alichopata ni amri kwamba Marcantonio asiitumie tena alama ile. Kunakili kwenyewe hakukupigwa marufuku.