OKLAHOMA CITY: MJI MDOGO UNAIWEZA TIMU, ILA BILI ANAPEWA NANI?

Ndugu msomaji, wako wanaokudanganya kwamba timu kubwa ya mpira wa kikapu ni mali ya miji mikubwa tu. Watakutajia New York, Los Angeles na Chicago, na wewe ukiwatajia Oklahoma City watakuangalia kwa huruma kana kwamba umeingia mjini juzi na basi la usiku. Wajibu hivi: Juni 22, 2025, Oklahoma City Thunder waliifunga Indiana Pacers katika mechi ya saba ya fainali wakawa mabingwa wa NBA. Na timu hiyo haikuzaliwa hapo. Ilihamishwa kutoka Seattle mwaka 2008, mchana kweupe, jiji kubwa likabaki limeshika tama.

Kwa hiyo swali la kama mji mdogo unaweza kuibeba timu iliyohama limeshajibiwa uwanjani. Lililobaki, na ndilo wakubwa wasilopenda uliulize, ni timu hiyo inabebwa kwa mgongo wa nani.

Unaweza kusema haya ya Marekani yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili katika drafti ya mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, timu iliyohamia Memphis kutoka Vancouver mwaka 2001. Kuanzia 2012 hadi 2014 akavaa jezi ya Oklahoma City. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA amekula mshahara wa timu mbili za kuhama, katika miji miwili ambayo wajuaji walisema haina ubavu. Wewe unayerusha mpira Don Bosco pale Upanga ukiota njia aliyopita Hasheem, ni vizuri ujue mishahara ile inatoka kwenye mifuko ya nani. Na mambo ya timu kuhama si mageni kwetu. Ihefu ya Mbarali ilipelekwa Singida, na mwaka 2024 ikabatizwa jina jipya, Singida Black Stars. Shabiki wa Mbarali akikusimulia machungu ya watu wa Seattle, msikilize.

Tuanze na hesabu, maana domo peke yake halijazi ukumbi. Timu ya NBA hucheza mechi 41 nyumbani katika msimu wa kawaida. Ukumbi ukiingiza watu 18,000 kila mechi, tiketi za kuuzwa ni 738,000. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwakuta wakazi wa jiji la Oklahoma City wakiwa kama 681,000. Yaani kila mkazi, pamoja na kichanga cha mgongoni na bibi asiyeona vizuri, anunue tiketi moja, na bado tiketi 57,000 zibaki zinasubiri wateja. Hata ukiongeza vitongoji vyake, unapata watu kama milioni 1.4. Seattle na vitongoji vyake ni kama milioni 4. Kwa hesabu hiyo kavu, mtu mwenye akili timamu angeiacha timu Seattle.

Lakini hesabu kavu inasahau mambo mawili. La kwanza, Oklahoma City haikuwa na timu nyingine ya ligi kuu za nchi ile, iwe ya kikapu, ya besiboli au ya mpira wao wa kukumbatiana. Pesa ya starehe ya mji mzima ilikuwa imekaa mfukoni inasubiri mwenyewe. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipoiharibu New Orleans, timu ya Hornets ilikimbilia Oklahoma City ikacheza huko mechi zake nyingi za nyumbani kwa misimu miwili. Watu walijaa, wastani wa zaidi ya 18,000 kwa mechi, wakimshangilia mgeni waliyejua kabisa kwamba ataondoka. Ilikuwa kama posa: wenye timu waliona binti anapika, anafua na anacheka na wageni.

La pili ni pesa za televisheni, na hapa ndipo penye siri yenyewe. Mikataba mikubwa ya televisheni ya NBA haiuzwi na timu moja moja. Inauzwa na ligi, na mapato yake hugawanywa sawa kwa timu zote 30. Mkataba ulioanza msimu wa 2025 hadi 2026 una thamani ya kama dola bilioni 76 kwa miaka 11. Mgao wa Oklahoma City katika chungu hicho ni sawa na mgao wa New York. Juu ya hapo ligi imeweka kiwango cha mishahara, na timu ikivuka mstari fulani inatozwa kodi ya anasa, ili tajiri wa Los Angeles asinunue kila mchezaji mzuri anayemwona. Cha ajabu, msomaji, nchi inayojisifu kwa ubepari imeamua kwamba kikapu chake kiendeshwe kijamaa. Bila mgao huo mji mdogo usingemaliza misimu mitatu.

Ndiyo maana ukubwa peke yake hauokoi mtu. Vancouver ni kubwa kuliko Memphis na ina fedha kuliko Memphis, lakini ilishindwa baada ya misimu sita tu, 1995 hadi 2001. Timu ilikuwa mbovu, ilishinda mechi 101 na kupoteza 359, hilo lijulikane. Lakini kulikuwa na ugonjwa mwingine ambao Mtanzania hahitaji kufafanuliwa: tiketi ziliuzwa kwa dola ya Kanada, wachezaji wakalipwa kwa dola ya Marekani. Ilipofika 2001 dola ya Kanada ilikuwa na thamani ya karibu senti 65 za Marekani. Kila mwisho wa mwezi ni kilio. Mwenye duka Kariakoo anayeuza kwa shilingi na kuagiza mzigo kwa dola anaijua homa hiyo.

Sasa twende Seattle, maana huko ndiko mchezo ulikochezwa nje ya uwanja.

SuperSonics waliishi Seattle tangu 1967, na mwaka 1979 walitwaa ubingwa. Mwaka 2006 Howard Schultz, tajiri wa kahawa ya Starbucks, aliiuza timu kwa dola milioni 350 kwa kundi la matajiri wa Oklahoma likiongozwa na Clay Bennett. Wanunuzi walisema watatafuta ukumbi mpya palepale. Mwaka uleule wapiga kura wa Seattle waliulizwa kama fedha za umma ziendelee kumwagwa kwenye timu za matajiri bila jiji kupata faida. Asilimia 74 wakasema basi, imetosha. Bennett akaja na mpango wa ukumbi wa dola kama milioni 500 katika kitongoji cha Renton, wabunge wa jimbo wakaukataa. Mwaka 2007 mmoja wa wamiliki, Aubrey McClendon, mfanyabiashara wa gesi, ulimi ukamteleza gazetini akakiri kwamba hawakuinunua timu ili ikae Seattle. Ligi ikamtoza faini ya dola 250,000. Faini, msomaji, si kwa kudanganya. Kwa kusema kweli!

Aprili 2008 wamiliki wa timu za ligi walipiga kura juu ya kuhama: 28 ndiyo, wawili tu hapana, Mark Cuban wa Dallas na Paul Allen wa Portland. Julai yakafikiwa mapatano. Bennett akalipa dola milioni 45 kuvunja mkataba wa ukumbi uliokuwa umebakiza miaka miwili. Jina la SuperSonics na rangi zake vikaachwa Seattle, na wachezaji wakapakiwa kwenye ndege, akiwemo kijana Kevin Durant aliyekuwa amemaliza msimu wake wa kwanza.

Ukiishia hapo utasema watu wa Seattle walijikata pua wenyewe. Usiishie hapo. Mwaka 2021 ukumbi uleule wa zamani ulifunguliwa upya, umejengwa kwa zaidi ya dola bilioni moja, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni za watu binafsi. Leo unachezewa mpira wa magongo wa barafuni na kikapu cha wanawake. Jiji lilisema halitoi, na mwenye pesa akazitoa mfukoni mwake. Hebu tujiulize, ni miji mingapi imekimbilia kulipa kwa kuogopa kivuli?

Oklahoma City wao walichagua kulipa, na lazima tuwape haki yao: waliulizwa. Mwaka 1993 wananchi walipiga kura kukubali kodi ya senti moja katika kila dola ya manunuzi ili kuujenga upya mji uliokuwa umelala. Miongoni mwa vilivyotoka humo ni ukumbi uliofunguliwa 2002, wakati hakuna timu ya NBA hata ya kuazima. Katikati ya mpango huo, Aprili 19, 1995, bomu liliangusha jengo la serikali katikati ya mji likaua watu 168. Mji uliozikana namna ile ulikuwa na sababu yake ya kutaka jina lake litajwe duniani kwa kitu kingine. Machi 2008 wakapiga kura tena, asilimia 62 wakakubali senti ileile kwa miezi 15 ili kuupamba ukumbi, kiasi cha dola milioni 121. Bei ilijulikana, muda ulijulikana, na ulipokwisha ulikwisha. Timu ikaja, ikapoteza mechi 29 kati ya 32 za kwanza, na ukumbi haukuacha kujaa. Miaka minne baadaye ilikuwa fainali.

Hata hivyo umaskini una harufu, huufichi kwa manukato. Oktoba 2012, miezi michache baada ya fainali hiyo, Oklahoma City ilimpeleka James Harden Houston. Tofauti katika mazungumzo ya mshahara ilikuwa milioni chache tu, lakini nyuma yake kulikuwa na ile kodi ya anasa, na mji mdogo uliiogopa. Mwaka 2018 Harden akawa mchezaji bora wa ligi nzima akiwa na jezi ya wengine. Durant naye akaondoka 2016. Timu ya mji mdogo hainunui ubingwa sokoni, inaulima. Mwaka 2019 walimwuza Paul George kwa Clippers wakapata Shai Gilgeous-Alexander na gunia la nafasi za drafti, na mojawapo ya nafasi hizo ikamzaa Jalen Williams. Hao ndio waliobeba kombe la 2025. Julai mwaka huohuo Shai akasaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 285. Kwa hiyo pesa ipo.

Na kama pesa ipo, nieleze hili. Desemba 12, 2023, wananchi wa Oklahoma City waliitwa tena kwenye sanduku la kura, safari hii kwa ukumbi mpya kabisa usiopungua dola milioni 900. Wenye timu wanachangia milioni 50. Zinazobaki, na ndizo karibu zote, ni za umma, nyingi zikitoka kwenye ile senti moja kwa miaka sita mingine. Asilimia 71 walisema ndiyo. Watetezi wanasema kiwango cha kodi hakipandi, kinaendelea tu, na ni kweli. Lakini senti inayokwenda ukumbini haiendi kwenye bomba la maji wala kwenye basi la abiria, na anayeitoa ni pamoja na mfagizi wa hoteli anayenunua viatu vya mtoto. Mfagizi huyo hatakaa kwenye vile vyumba vya vioo ambako makampuni hula nyama na kutazama mpira kwa jicho moja. Wachumi waliovichunguza viwanja vya Marekani kwa miaka mingi wamekuwa na jibu linalofanana: mapato mapya yanayoletwa na uwanja hayafikii kodi iliyotumbukizwa.

Memphis ni kali zaidi. Mwaka 1991 mji ule ulifungua ukumbi wa umbo la piramidi kando ya mto Mississippi. Miaka kumi baadaye Grizzlies walipokuja, wakasema piramidi haiwafai. Baraza la jiji na la wilaya wakapitisha ukumbi mwingine wa dola milioni 250 bila kuwapigisha wananchi kura, nao ukafunguliwa 2004. Piramidi ikakaa tupu miaka na miaka. Tangu 2015 ni duka la ndoana, mashua na bunduki za kuwindia. Timu bado ipo, watu wanaipenda, lakini ukipita kando ya mto ule unaiona bili imesimama imechongoka juu angani.

Gazeti hili halina ugomvi na timu kuhamia mji mdogo. Kura ya 2008 tungeipigia ndiyo bila kufikiri mara mbili, kwa sababu bei ilikuwa na kikomo na jengo lilikuwa la wananchi. Kura ya 2023 tungeipigia hapana. Mwenye timu aliyenunua kwa milioni 350 mali ambayo leo inakadiriwa kwa mabilioni hawezi kuweka milioni 50 mezani na kuita huo mchango. Walichopata wananchi ni ahadi ya timu kubaki miaka 25 baada ya ukumbi kufunguliwa, na hicho si kidogo. Lakini ahadi hiyo ingeweza kudaiwa pamoja na robo ya gharama za ujenzi, na hakuna aliyeamini kwamba Bennett angefunga mizigo, maana wenye timu wenyewe ni watu wa mji ule na kwao ni palepale.