MAJENGO YA KUKIMBILIA YAKAGULIWE KWANZA

Tetemeko la ardhi halipigi hodi. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika Kagera; watu wapatao 17 wakafariki, na skuli kongwe ya Ihungo ikaharibika hata ikafungwa. Tarehe 12 Agosti 2020 ikatikisika chini ya bahari, upande wa Dar es Salaam, na mtikisiko ukasikika mpaka Unguja. Asemaye kwamba visiwa vyetu haviguswi na balaa hii anaidanganya nafsi yake.

Majengo yetu mengi ya kale ni ya mawe na chokaa, na sakafu zake zimelala juu ya boriti. Ukuta wa namna hiyo ni hodari kubeba uzito wa juu, lakini ni dhaifu ukisukumwa ubavuni: pembe hupasuka, boriti huchomoka, na dari huwaangukia waliomo. Maji ya mvua na mchwa huzidisha khatari. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ikaua watu wawili, na siku hiyo ardhi ilikuwa imetulia.

Hatusemi kila nyumba ikaguliwe kesho. Twasema hospitali, skuli na vituo vya zimamoto vitangulie, kwani huko ndiko umma hukimbilia siku ya msiba. Huko California, tarehe 9 Februari 1971, majengo ya zamani ya hospitali moja ya wanajeshi wastaafu yaliporomoka, na watu zaidi ya 40 wakafa mahali walipokwenda kutafuta uzima.

Ukaguzi hauanzi kwa mamilioni. Mhandisi mjuzi huanza kwa macho na daftari: nyufa ziko wapi, boriti zimeshikana vipi na kuta, ghorofa gani iliongezwa baadaye. Kisha majengo hupangwa mafungu matatu: yaliyo salama, ya kuimarishwa kwa vyuma, na ya kuhamwa mara moja.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa hospitali ukianguka, kuujenga upya hakuwarejeshi waliokuwa chini yake. Kwa hivyo twaitaka Serikali: ikiwa ukaguzi umekwisha kufanywa, orodha itangazwe, jengo kwa jengo, ikiwa bado, uanze sasa. Na kila mwanachama, tawini kwake, aulize khabari ya skuli wasomayo wanawe.