Si China peke yake

Kuna imani iliyoota mizizi hadi kwenye tahariri zetu, kwamba biashara ya dunia ingekuwa ya haki kama si China. Tunaambiwa Marekani na Ulaya huliachia soko liamue, na China ndiyo inayovimwagia viwanda vyake ruzuku na kuidhoofisha sarafu yake kusudi ili bidhaa zake ziuzwe rahisi. Nimeisikia kwa wachumi, kwa wabunge, hata kwa wafanyabiashara wa Kariakoo ambao riziki yao inatoka kwenye makontena hayohayo. Imani hii si ya kweli, na sisi ndio inaotugharimu zaidi.

Sikatai kwamba China inatoa ruzuku. Inatoa, tena nyingi, kwenye chuma, paneli za sola na sasa magari ya umeme. Kwa miaka kadhaa hadi Julai 2005 iliifunga sarafu yake kwenye yuan 8.28 kwa dola, na wenye viwanda kwingineko waliumia. Ninachokataa ni kuamini kwamba wanaolalamika wana mikono safi.

Tazama pamba. Katika misimu minne kati ya 1999 na 2003, serikali ya Marekani iliwapa wakulima wake wa pamba, wapatao 25,000, zaidi ya dola bilioni 12. Mkulima mwenye uhakika wa kulipwa na serikali hapunguzi shamba bei inapoanguka. Anaendelea kulima, ziada inauzwa nje, na bei ya dunia inazidi kuporomoka. Bei hiyohiyo ndiyo inayomsubiri mkulima wa Shinyanga au wa Mali siku ya mizani, naye hana hazina ya kumfidia. Anauza kwa hasara, au anang'oa pamba apande kitu kingine.

Brazil ilifungua kesi katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002, ikashinda, na 2005 ikashinda tena kwenye rufaa. Marekani ikasuasua. Mwaka 2009 Brazil ikapewa ruhusa ya kulipiza, ikiwemo kugusa hataza za kampuni za Kimarekani, na hapo ndipo Washington ilipokaa mezani. Lakini haikuanza kwa kufuta ruzuku. Mwaka 2010 ilikubali kulipa dola milioni 147.3 kila mwaka kwa ajili ya wakulima wa pamba wa Brazil, na 2014 ikaimaliza kesi kwa dola milioni 300. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilikuwa zimepeleka kilio chao kwenye shirika hilohilo tangu 2003. Hazikupata malipo ya aina hiyo. Haki yao ilikuwa sawa na ya Brazil, ila hazikuwa na cha kumtisha nacho mkubwa.

Ndege ni hivyohivyo: mwaka 2004 Marekani na Umoja wa Ulaya zilishtakiana kwa ruzuku za Boeing na Airbus, na mwishowe pande zote mbili zikakutwa na makosa. Na mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kutenga takriban dola bilioni 52 kwa ajili ya sekta ya chipu za kompyuta.

Kwenye sarafu unafiki ni mkubwa zaidi. Tarehe 22 Septemba 1985, Marekani, Japani, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Uingereza zilikutana katika hoteli ya Plaza, New York, zikakubaliana kuishusha dola. Ilikuwa karibu yen 240. Mwishoni mwa 1987 ilikuwa karibu 120. Hilo halikuwa soko, yalikuwa makubaliano ya serikali. Mwaka 1986 Tanzania, iliyokuwa imebanwa na madeni, ikatia saini makubaliano na IMF, na shilingi ikashushwa kwa kishindo. Kwetu kushusha sarafu kulikuwa sharti la kupata mkopo. China ikifanya hivyo inaitwa mdanganyifu.

Anayeamini kwamba ruzuku ni dhambi ya China hupokea kwa unyenyekevu amri ya kufuta za kwake. Ndivyo mkulima wetu alivyoondolewa ruzuku ya mbolea miaka ya 1990, wakati mwenzake wa Texas akiendelea kulipwa.

Na tulipojaribu kujilinda tuliadhibiwa. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba ili viwanda vya nguo vifufuke. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na Washington ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukiziruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia huko bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilibaki na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Nchi iliyotumia mabilioni kuilinda pamba yake iliiadhibu Rwanda kwa kulinda cherehani zake, na majirani tuliokuwa tumeazimia pamoja nayo tukanyamaza.

Nataka mawaziri wetu wa biashara walirudishe mezani azimio la 2016, safari hii wote kwa pamoja. Wakiulizwa kuhusu soko huria, waanze na hesabu ya pamba.