Kipingo cha Land Rover na Somo Linalotupita Marani

Ipo gereji moja sokoni Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, isiyo na paa wala kibao. Wenyeji huitambua kwa mparachichi unaoifunika kivuli na kwa udongo wake mwekundu uliogeuka mweusi kwa oili. Hapo ndipo nilipomkuta fundi mmoja amelala chini ya Land Rover kuukuu, grenda mkononi, akijiandaa kukata chesisi. Nilishtuka. Kwetu sisi tuliokulia katika vilima hivi, Land Rover ni gari la kuheshimiwa. Hilo lenyewe limebeba ndizi na majani chai, na usiku wa mvua limewapeleka wajawazito hospitalini. Kulikata uti wa mgongo kulinionea kama kumpasua mzee aliyekwenda kwa daktari kutibiwa kikohozi.

Fundi hakuudhika. Alitoka uvunguni, akajifuta mikono, akanieleza. Chesisi ya gari la namna hii ni mfano wa ngazi: vyuma viwili virefu vinavyokwenda sambamba, na katikati yake vipawa vinavyoviunganisha. Kipawa kimojawapo hupita chini ya giaboksi. Mafundi wetu hukiita krosimemba. Mimi nitakiita kipingo, na walimu wenzangu wa Kiswahili wakipata neno bora nitalipokea kwa mikono miwili. Katika gari lile kipingo kilikuwa kimechomelewa pande zote mbili, hivyo giaboksi haiwezi kushushwa chini. Klachi ikiisha, sharti viti ving'olewe, kisanduku kilicho chini yake kiondolewe, sakafu ifunguliwe, kisha giaboksi inyanyuliwe na kutolewa kupitia mlangoni. Kazi hiyo humla fundi siku nzima au mbili. Na katika barabara za Marani, zenye miinuko na matope, klachi haichelewi kuisha. Azma yake ilikuwa kukikata kipingo, kukitengenezea mabamba, na kukirudisha kwa bolti ili siku nyingine kifunguliwe kwa spana.

Wapo watakaosema kwamba gari la kale lisiguswe. Tangu mwaka wa 2003 yamekuwapo mashindano ya East African Safari Classic, na wapenzi wa magari hayo hupigania kila nati ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Siwalaumu. Lakini Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka wa 1948, ilikuwa yenyewe zao la uhaba. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo baada ya vita, na chesisi yake iliundwa kwa mabamba yaliyochomelewa pamoja yakawa kama sanduku, ili kuepuka gharama ya mashine kubwa za kukunjia chuma. Waliolibuni walifanya walichoweza kwa walichokuwa nacho. Fundi wa Marani anapolirekebisha gari hilo ili liendelee kufanya kazi, mimi naona ndiye mrithi wao halali kuliko yule anayelifungia katika banda na kulipangusa vumbi kila Jumapili.

Hoja yangu, basi, haihusu kukata au kutokata. Inahusu maarifa.

Nilikaa hapo tangu asubuhi hadi jua la utosi. Kabla ya kukata, gari liliwekwa juu ya magogo mahali palipo sawa, kisha chuma cha muda kikafungwa kuunganisha vile vyuma viwili virefu, visije vikaachana au kukaribiana kipingo kikishatoka. Halafu fundi akachukua kamba ya katani, akapima kutoka pembe moja ya chesisi hadi pembe ya mkabala, akafunga fundo; akapima mshazari wa pili. Fundo likaangukia palepale. Mishazari ikilingana, chesisi haijapinda. Ni jiometri ileile tunayowakaririsha watoto ubaoni hadi wasinzie! Alitenganisha betri kabla ya kulehemu. Na pale bolti zilipopaswa kupenya chuma chenye uwazi ndani, alitia kwanza vibomba vya chuma kizito, akavichomelea, ndipo bolti zikapita ndani yake. Nilipouliza vibomba vile ni vya nini, alichukua mkebe mtupu wa maziwa akaubana kwa vidole. Ukabonyea. Ukiikaza bolti kwenye chuma kilicho wazi ndani, kuta zake hubonyea vivyo hivyo, na bolti hailegei leo bali kesho.

Niliuelewa mkebe huo vizuri mno. Miaka kadhaa iliyopita nilishuhudia pikapu ya majani chai ikiangusha giaboksi kwenye mteremko. Fundi wa mahali pengine, ambaye sitamtaja, alikuwa amefanya kazi iyo hiyo bila vibomba. Bolti zililegea, kipingo kikaning'inia upande mmoja, propela ikachimba barabara na gari likalala ubavu mtaroni. Vijana wawili waliokuwa juu ya magunia walivunjika mifupa. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu, na hatembei sawasawa hata leo.

Kisha kuna bolti zenyewe. Dukani huonekana ndugu pacha, lakini tazama kichwani. Iliyoandikwa 8.8 na iliyoandikwa 4.6 hazifanani hata chembe. Tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa mia kupata nguvu ya kuikata bolti, kwa nyutoni katika kila milimita ya mraba. Ya pili hueleza ni sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo bolti itastahimili kabla ya kunyumbuka isirudi. Hivyo ya kwanza hustahimili 640, na ya pili 240. Bolti ya milimita 12 ina eneo la kuhesabia la milimita za mraba 84 hivi. Zidisha: moja huvumilia mvuto wa takriban tani tano na nusu, nyingine tani mbili tu. Fundi wangu hajui hesabu hiyo. Anajua tu kwamba "zenye nane mbili" hazijawahi kumwaibisha.

Na hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 tuliahidiwa shule za ufundi wa mikono. Katika shule nilizofundisha, karakana ziligeuka stoo za viti vibovu. Mwaka uliofuata Rais Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, na mwaka wa 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakazinduliwa kwa shangwe. Hayakufika sokoni kamwe. Wakati huohuo, chini ya miparachichi nchini kote, watu wasio na cheti walikuwa wakikata na kuunga chesisi, na hapana msomi aliyewaendea na daftari. Sasa tunao Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019, nao unarudia ahadi kwa maneno mapya. Sitaupinga. Nauliza tu ni shule ngapi za Marani zimewahi kumwalika fundi wa gereji asimame mbele ya darasa.

Nilimwendea mwalimu mkuu mmoja na pendekezo kwamba wanafunzi wa hisabati na fizikia wapelekwe gereji Jumamosi moja kila muhula. Aliniuliza mtihani wa taifa utauliza nini kuhusu kipingo. Nilitaja mishazari, mvuto, eneo na uwiano. Akasema ataliweka mbele ya bodi. Bado nangoja.

Lakini gereji haikungoja. Yupo kijana mwanagenzi pale, aliyeacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo. Nilipomwandikia hesabu ya bolti kwa chaki kwenye mlango wa Land Rover, aliitazama kitambo, akaniambia, "Mwalimu, duara lenye kipenyo cha milimita 12 eneo lake ni 113. Hii 84 umeitoa wapi?" Nilikuwa nimeisoma kitabuni, sikuwahi kujiuliza. Fundi ndiye aliyeokota bolti chini, akapitisha ukucha kwenye hesi zake, akamwonyesha jinsi zinavyoula mwili wa chuma hadi kinachobaki kati kuwa chembamba kuliko kinavyoonekana. Kijana akachukua chaki, akaandika 113 kando ya 84, akaanza kutoa.