Kitimoto cha Kimeksiko na sufuria ya mama mwenye nyumba

Leo mwenzenu nimehamia jikoni. Kuna chakula cha Meksiko kinaitwa taco. Ukikitaja mbele ya wakwe angalia ulimi wako, maana kwa Kiswahili chetu ni mambo mengine kabisa! Wenyewe wanachukua kichapati chembamba cha mahindi, wanaweka nyama, juu kachumbari, wanakunja na kula kwa mkono. Nyama mojawapo wanayoipenda ni nguruwe aliyepikwa taratibu mpaka anachambuka. Wanaiita carnitas.

Nikajiuliza, hapa Temeke tunakosa nini? Kitimoto kipo. Mahindi yenyewe ya ugali wetu asili yake ni huko huko Meksiko, yakavuka bahari baada ya Wazungu kufika Amerika mwaka 1492. Nguruwe naye akapelekwa kule na Wahispania. Ngoma droo!

Basi bwana, Jumamosi moja nikanunua kilo moja na nusu, sehemu ya bega yenye mafuta. Tatizo sufuria. Mimi bachela wa chumba kimoja, kisufuria changu mwisho wake mayai mawili. Niko uani nawaza, mama mwenye nyumba akatokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una wageni? Chukua sufuria yangu ile ya pilau."

Akaileta mwenyewe, inang'aa kama kioo. Jamani! Mama huyu ni Mwislamu wa swala tano, na nyama imo kwenye mfuko, hakuna anayejua. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Pika tu, utaisugua na majivu."

Wakubwa wanakumbuka Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yalipovunjwa hapa Dar. Lakini si woga ulionizuia. Huyu mama alinivumilia kodi miezi miwili bila kunitolea vyombo nje. Nitamlaje chakula chake kesho, nikijua nilichopikia sufuria yake?

"Mama, samahani. Nyama yenyewe ni nguruwe, na kachumbari ya embe."

Akanyamaza. Akachukua sufuria yake, akaingia ndani. Nikajua leo nimekwisha. Mara akatoka na maembe mawili. "Haya ya kachumbari yako. Hiyo nyama kapikie kwa rafiki yako, si uani kwangu."

Tukahamia Chang'ombe kwa rafiki. Mapishi ni haya. Kata nyama vipande vikubwa, tia chumvi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, maji ya machungwa mawili na ya ndimu moja. Ongeza maji mpaka nyama ifunikwe, bandika kwenye mkaa mdogo, masaa matatu bila haraka. Asibaki mbichi, maana nguruwe hubeba minyoo ya tegu. Maji yakikauka, mafuta yake mwenyewe yatamkaanga. Geuza mpaka awe wa kahawia, kisha mchambue kwa uma.

Kachumbari: embe lililoiva ila bado gumu, kitunguu, pilipili mbuzi, majani ya giligilani, ndimu na chumvi. Ukikosa embe, nanasi. Chapati piga za ngano, nyembamba, ndogo kama kisahani cha chai. Hata kaskazini mwa Meksiko za ngano wanakula. Weka nyama, mwagia kachumbari, kunja. Utamu wake utasahau shida za wiki!

Jumapili iliyofuata nikanunua kuku, akachinjwa na mtoto wa mama mwenye nyumba. Tukampika vile vile, safari hii kwenye sufuria ya pilau. Mama akala vitatu, akashushia maji, akaniuliza, "Mwanangu, hiki chakula kinaitwaje?"

Nikaangalia chini. "Chapati ya Meksiko, mama."

Wewe ungemjibuje? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.